«Baba, Naomba Funguo za Motokari»

Ni Jumapili alasiri. Baba ameketi barazani, viatu amekwisha kuvivua, anapunga upepo. Kijana wake wa miaka 19 anakuja, anasimama mbele yake kwa adabu, mikono nyuma, anasema: «Baba, permi nimekwisha kuipata. Naomba funguo za motokari, nimpeleke mama sokoni.» Baba anamtazama mwanawe. Juzijuzi tu huyu alikuwa akibebwa mgongoni. Leo ana ndevu. Baba anatia mkono mfukoni, anazishika funguo, lakini hazitoi.

Wazazi, wengi wenu mwaijua saa hiyo. Na ninyi vijana mwaijua, kwa kuwa ndinyi mliosimama pale mkingojea. Kwa kawaida baba anajiuliza neno moja tu: «Je, anajua kuendesha?» Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Lipo swali la pili, nalo ndilo tunalotaka kuzungumza nanyi leo: «Akimgonga mtu, nani atalipa?»

Hasara kubwa si ya motokari

Mtu akifikiri ajali, mara moja anaona motokari iliyopondeka: taa zimevunjika, mlango umeingia ndani. Anahesabu feza za fundi na kuona uchungu. Lakini hasara hiyo ndiyo ndogo. Hasara kubwa ni ya yule aliyekuwa akitembea kando ya barabara.

Tuseme motokari imemvunja mguu mama mmoja mwenye kuuza ndizi. Kuna gharama za hospitali na dawa. Kuna miezi mitatu au minne asiyoweza kubeba beseni lake kichwani. Katika miezi hiyo nani atalisha watoto wake? Nani atalipa karo ya shule? Na kama mguu hauponi sawasawa, hasara haiishi baada ya miezi minne, yaendelea maisha yote. Fundi wa motokari anataka feza mara moja. Mama huyu ana haki ya kulipwa kwa miaka.

Sheria ya Kongo yasema hivyo tangu zamani. Sheria ya mapatano na madeni, iliyotungwa tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu chake cha 258 yaagiza kwamba mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, sharti aitengeneze. Kifungu cha 260 chaongeza kwamba mtu hujibu si kwa matendo yake peke yake, bali pia kwa watu walio chini ya uangalizi wake na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo baba asidhani kwamba, kwa kuwa kijana wake amekwisha kupita miaka 18 na ni mtu mzima mbele ya sheria, yeye amejitenga na jambo hilo kabisa. Motokari ni ya nani? Nani alitoa funguo? Nani aliyeiacha nyumbani bila bima? Maswali hayo yaweza kumfikisha baba mwenyewe mbele ya tribinali.

Tusisahau pia ya kuwa hatari ni ya kweli. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu watu milioni 1,19 waliokufa katika ajali za barabarani duniani kwa mwaka wa 2021. Lasema tena kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29, hakuna ugonjwa wala jambo lingine linaloua wengi kuliko ajali hizo. Wazee husema ajali haina kinga. Ndiyo, ajali yenyewe haina kinga. Lakini deni lake lina kinga, na kinga hiyo ndiyo bima.

Sheria yataka nini kwetu

Katika nchi yetu, bima ya motokari si jambo la kupenda au kutopenda. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ilimlazimisha kila mwenye chombo cha injini kuwa na bima ya kulipa hasara watakayopata watu wengine. Neno «chombo cha injini» lasema wazi: pikipiki nayo imo. Kijana asimwambie mama yake, «Hii ni moto tu, haihitaji karatasi.»

Kwa miaka mingi jamaa hazikuwa na kuchagua. Shirika la serikali, SONAS, lililoundwa mwaka wa 1966, ndilo lililokuwa peke yake na ruhusa ya kuuza bima katika Kongo nzima. Ndipo ikaja Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, iliyofungua mlango kwa mashirika mengine, chini ya uangalizi wa halmashauri ya serikali iitwayo ARCA. Tangu mwaka wa 2019 mashirika ya watu binafsi yalianza kupewa ruhusa, nayo SONAS yaendelea na kazi yake kati yao. Basi wazazi wa leo wanaweza kuuliza bei mahali pengi, jambo ambalo baba zao hawakuliweza. Lakini anayeweza kuchagua sharti ajue anachagua nini. La sivyo atachagua karatasi ya bei ndogo tu, na wahenga walikwisha kutuambia: rahisi ni ghali.

Mbele ya yote, hakikisheni kwamba anayewauzia ana ruhusa ya ARCA. Karatasi nzuri yenye mhuri, iliyonunuliwa njiani kwa mtu msiyemjua, haitamlipia hospitali mama wa ndizi.

Bima ina ngazi

Ngazi ya kwanza ndiyo ile ya lazima: inalipa hasara ya wengine. Hapa watu wengi wanakosea. Wanasema, «Nina bima,» wakidhani wamekingwa katika yote. Sivyo. Kijana wenu akiipeleka motokari mtaroni kwa kosa lake mwenyewe, bima hii hailipi bati lililopondeka, na kwa kawaida hailipi mkono wake yeye dereva uliovunjika. Yeye si «mtu mwingine». Yeye ndiye aliyeleta hasara.

Ngazi ya pili ni ya dereva mwenyewe: inalipa dawa zake, na ikiwa amebaki kilema au amekufa, inatoa kitu kwa jamaa yake. Ngazi hii mara nyingi husahauliwa, nasi twaona ni vibaya kuisahau, hasa kwa kijana. Jamaa imetumia miaka 15 kumsomesha. Mkono wake una thamani kuliko mlango wa motokari.

Ngazi ya tatu ni ya moto na wizi. Ngazi ya nne huitwa bima ya hatari zote: inalipa hata motokari yenu wenyewe, ijapokuwa kosa ni la dereva wenu. Ada yake ni kubwa. Tena karibu kila mara kuna sehemu ambayo mwenye motokari hujilipia mwenyewe katika kila ajali. Wafaransa huiita franshizi. Ulizeni franshizi ni feza ngapi mbele ya kutia sahihi, wala si baada ya ajali.

Basi, nani achukue ngazi ya nne? Kanuni yetu ni hii: bima ni ya kukinga hasara ile ambayo ingeiangusha jamaa, wala si kila hasara. Ikiwa motokari ni kuukuu, na bei yake mnaweza kuirudisha kwa akiba ya mwaka mmoja, msitupe feza katika bima ya hatari zote. Afadhali mchukue ngazi ya lazima pamoja na ile ya dereva. Ikiwa motokari mmeinunua kwa mkopo wa benki, nayo ndiyo inayoleta chakula nyumbani, hapo kuikosa kungekuwa msiba, na ngazi ya juu ina maana.

Njia tatu za kumpa kijana usukani

Kuhusu kijana mwenyewe, wazazi wana njia tatu.

Ya kwanza: kijana aendeshe motokari ya baba, na jina lake liandikwe katika mapatano ya bima kama dereva wa pili. Hii yafaa kama anaendesha mara mojamoja, mwisho wa juma au wakati wa likizo. Ada yaweza kupanda kidogo, lakini si kama kununua bima mpya. Ubaya wake ni huu: akifanya ajali, inaandikwa juu ya motokari ya baba, na ada ya baba yaweza kupanda kwa miaka.

Ya pili: kijana awe na motokari yake na bima yake kwa jina lake. Ada yake itakuwa kubwa, kwa maana hana historia. Lakini kila mwaka anaoendesha bila ajali ni sifa yake mwenyewe, naye atakapooa na kuhama nyumbani atakuwa amekwisha kujijengea jina jema. Tena kosa lake halimgusi baba yake. Njia hii yafaa kwa kijana anayefanya kazi, anayeendesha kila siku.

Ya tatu: kungoja. Kijana ana permi, lakini kwa miezi kadha anaendesha huku baba, au mjomba mwenye kuzoea, ameketi kando yake: kwanza mchana katika mitaa, halafu wakati wa mvua, halafu usiku, mwisho katika njia ndefu. Wako watakaosema, «Huko ni kumfanya mtoto.» Tunajibu: seremala hampi mwanafunzi msumeno siku ya kwanza na kuondoka zake.

Kwa nini vijana hulipishwa zaidi

Vijana huuliza kwa uchungu: «Mbona tunaadhibiwa mbele ya kukosa?» Swali lao lastahili jibu. Shirika la bima halimjui mtu moyoni. Linajua hesabu tu. Aliyeanza jana hukosa mara nyingi kuliko aliyeendesha miaka kumi, hata kama ana akili kumpita. Basi shirika linapima bei kwa kundi lote, mpaka kila mmoja aonyeshe mwenendo wake.

Tuangalie jinsi wanavyohesabu Ufaransa. Jamaa nyingi za Kongo zina watoto huko, katika masomo na katika kazi, na hesabu yake imeandikwa wazi katika sheria. Dereva mwenye permi isiyotimiza miaka mitatu aweza kuongezewa hata asilimia 100 juu ya ada ya kawaida katika mwaka wa kwanza. Asipofanya ajali ya kosa lake, nyongeza inakatwa nusu: asilimia 50 mwaka wa pili, 25 mwaka wa tatu, kisha yaisha. Pamoja na hiyo kuna hesabu iitwayo bonusi-malusi. Kila dereva huanza na 1. Kila mwaka usio na ajali ya kosa lake, ada inazidishwa kwa 0,95. Baada ya miaka 13 mizuri inafika 0,50, ndiyo nusu. Lakini kila ajali ya kosa lake inazidisha kwa 1,25.

Tuseme ada ya kawaida ni euro 600. Kijana huyu mwaka wa kwanza aweza kulipa 1.200. Akienda kwa uangalifu, mwaka wa pili ada yake ni 570, na nyongeza ya nusu yaifikisha 855. Mwaka wa tatu ni 675. Mwaka wa nne ni 510 tu. Sasa mtazameni mwenzake aliyefanya ajali moja ya kosa lake katika mwaka wa kwanza. Ada yake imekuwa 750, nyongeza haikupunguzwa, naye aweza kulipa 1.500. Mwaka uleule, mtaa uleule: mmoja 855, mwingine 1.500. Hapo kijana ataona kwamba mguu wake juu ya breki una bei.

Kuna jambo lingine la hekima katika sheria hiyo. Kijana aliyejifunza tangu miaka 15 pamoja na mzazi kando yake, kwa muda wa mwaka mmoja walau na kwa kilometri 3.000 walau, huongezewa asilimia 50 tu badala ya 100. Maana yake nini? Ile njia yetu ya tatu, ya baba kuketi kando, si ushamba. Wenye kuhesabu feza wamekubali kwamba ina faida.

Njia ya mwongo ni fupi

Sasa tufikie jambo gumu. Baba mmoja ananunua motokari kwa ajili ya mwanawe. Mwana ndiye atakayeiendesha kila siku. Baba hata hataigusa. Lakini kwenye biro ya bima baba anaandikisha: «Dereva ni mimi, nina miaka 52.» Ada inashuka. Baba anarudi nyumbani akicheka, anamwambia mkewe: «Hawa tumewaweza.»

Hajawaweza. Amejidanganya mwenyewe. Bima imejengwa juu ya neno la kweli la yule anayeinunua, kwa sababu shirika linapima hatari kwa neno hilo. Siku ya ajali shirika litauliza: Nani alikuwa akiendesha? Analala wapi? Motokari inalala wapi kila usiku? Majirani watajibu bila hila. Katika sheria ya Ufaransa, aliyedanganya kwa kusudi mapatano yake huhesabiwa kuwa si kitu, na ada aliyolipa haimrudii. Aliyekosa bila kusudi hulipwa sehemu tu. Aliyejeruhiwa atalipwa huko hata hivyo, kwa maana sheria inamkinga. Lakini kisha shirika laweza kumgeukia mwenye uongo na kudai feza hizo zote kwake. Ndiyo kusema, baba ametoa feza miaka miwili akinunua karatasi tupu.

Na lingine ni kubwa kuliko feza. Siku ile kwenye biro, kijana alikuwa ameketi kando ya baba yake, akisikia. Baba alidhani anampa motokari. Kumbe alikuwa anampa funzo pia. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Uongo wa namna hii una ndugu zake. Mmoja ni huu: motokari imeandikishwa kuwa ya nyumbani tu, lakini Jumamosi kijana anaifanya teksi, anapakia watu sita kwa malipo. Bima ya motokari ya nyumbani si bima ya teksi. Kama mnataka kijana atafute feza kwa njia hiyo, si vibaya. Lakini semeni hivyo kwenye biro, na lipeni ada yake. Abiria wale sita nao wana jamaa.

Tukivuka mpaka

Wengi wetu tunakaa karibu na mpaka. Kutoka Goma kwenda Gisenyi, kutoka Bukavu kwenda Cyangugu, kutoka Lubumbashi kwenda Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, ni mwendo mfupi. Bima ya nyumbani haivuki peke yake. Kwa ajili hiyo kuna Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka wa 1987, inayotambuliwa katika Rwanda, Burundi, Uganda, Zambia, Kenya na hata Tanzania, na nchi nyingine pia. Inalipa hasara ya wengine kwa kufuata sheria ya nchi mliyoingia, na dawa za dharura za dereva na abiria wake. Iombeni kwa shirika lenu la bima mbele ya safari. Tena mkumbusheni kijana kwamba Zambia, Uganda na Tanzania watu huendesha kushoto. Desturi ya mkono haibadiliki kwa siku moja. Safari yake ya kwanza huko asiende peke yake.

Maneno ya barazani

Turudi sasa kwa yule baba mwenye mkono mfukoni. Afanye nini? Tunamshauri asiseme «hapana», wala asitupe funguo kama anayetaka kupata usingizi. Amwambie mwanawe, «Keti.» Amwite na mama, maana feza ni za nyumba nzima. Kisha waweke karatasi ya bima mezani, waisome pamoja, kijana akiwa msomaji, wakijiuliza:

1. Jina la kijana limo katika mapatano haya? Kama halimo, je, yanamruhusu dereva mwenye permi mpya?

2. Tarehe ya mwisho ni ipi? Bima iliyokwisha jana ni sawa na kukosa bima.

3. Akijiumiza yeye mwenyewe, nani atalipa hospitali?

4. Franshizi ni kiasi gani, nayo itatoka mfuko wa nani? Wazazi wengine hukubaliana na kijana kwamba atalipa nusu. Twaona ni vema.

5. Ajali ikitokea, tunapashwa kulijulisha shirika kwa siku ngapi? Muda huo umeandikwa. Anayeupitisha aweza kupoteza haki yake.

6. Nani mwingine atapewa funguo? Jibu liwe fupi: hakuna. Rafiki asiye na permi, hata kwa mita hamsini, hapewi. Na aliyekunywa pombe arudi kwa miguu, motokari ilale huko. Hakuna mzazi atakayemgombeza kwa ajili hiyo.

Mwisho, wampe kijana neno la kushika siku ya msiba: asimame, asikimbie. Awahudumie walioumia, aite polisi, aandike namba za motokari na majina ya walioona. Asigombane barabarani juu ya nani mwenye kosa, wala asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Kisha ampigie baba simu, hata kama ni usiku wa manane.

Mazungumzo hayo yanachukua saa moja. Yakiisha, kijana atajua jambo ambalo mwalimu wa permi hakumfundisha: kwamba anapokaa nyuma ya usukani, amechukua mikononi mali ya jamaa yake na miguu ya watu asiowajua.

Hapo baba aweza kutoa mkono mfukoni. Na mama achukue kikapu chake, soko halijafungwa.